Kabla ya Brussels, pitia Kalenga

Kila mwaka ikifika Februari huwa napata wageni wasio na kesi. Ni wanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne, wengi wa hapahapa Iringa, mmoja mmoja kutoka Mbeya, wanatafuta kichwa cha utafiti. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri na ngazi zake ni mbovu, kwa hiyo anayefika juu namhesabu kuwa ana shida ya kweli. Shikamoo wakili, marahaba, karibu ukae. Kisha inatoka karatasi. Imeandikwa: uchambuzi wa sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya. Au: nafasi ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya katika kulinda soko la pamoja.

Huwa nauliza: umewahi kufika Luxembourg, iliko mahakama hiyo? Anacheka. Je, unamfahamu hata mtu mmoja ambaye sheria hiyo imemgusa? Hapo kicheko kinakatika.

Sina haki ya kuwacheka. Mimi mwenyewe niliandika kurasa sitini na kitu juu ya uhuru wa bidhaa kuvuka mipaka ndani ya Ulaya. Ningependa kusema nilikesha maktaba, lakini nilikesha bwenini, maana madesa yalikuwa kwenye flashi ya jamaa aliyenitangulia mwaka mmoja. Nikageuza maneno, nikapeleka steshenari wakanifungia jalada jeusi lenye maandishi ya dhahabu. Msimamizi wangu alisahihisha tanbihi, basi. Nikafaulu. Hadi leo sijakutana na mtu aliyekisoma kile kitabu, na hapo najihesabu na mimi.

Wapo wanaosema tuachane kabisa na sheria za Wazungu, tusome zetu. Siko nao. Sheria ya kimataifa na ya Ulaya tuitafiti sana, tena kwa bidii kuliko sasa, ila tuanzie pale inapokanyaga udongo wetu. Na huku Nyanda za Juu Kusini imekanyaga mahali pengi.

Panda daladala ya Kalenga. Kutoka Iringa mjini haifiki kilomita 20. Kuna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake, kwenye kioo, kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Watoto wa shule hupelekwa pale, wanasimuliwa Lugalo mwaka 1891 alipowashinda Wajerumani, wanasimuliwa jinsi alivyojipiga risasi Julai 1898 asikamatwe akiwa hai, na kichwa kikakatwa kikaenda zake. Kwa mtalii hiyo ni hadithi tosha. Kwa mwanasheria ndipo kazi inapoanza, kwa sababu fuvu lile limetajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba uleule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza. Ibara ya 246. Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, likiletwa na Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, aliyekuwa amelichagua kwenye makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi, kwa kupima vipimo vya kichwa na kulinganisha na vya ndugu wa ukoo.

Soma tena ibara yenyewe taratibu. Haisemi Wahehe warudishiwe. Inasema Serikali ya Mfalme wa Uingereza ikabidhiwe. Mwenye kudai alikuwa Mwingereza, na waliopoteza kichwa cha mtu wao hawakuwa upande wowote wa mkataba. Je, leo ukoo una haki gani pale, na dola ina haki gani? Kipimo cha kichwa ni ushahidi wa kiwango gani? Miaka 34 ya kuchelewa, nani angewajibika na kwa nani? Kisha lete ile kanuni iliyosemwa kwenye shauri la Kisiwa cha Palmas, 1928, kwamba tendo hupimwa kwa sheria ya wakati wake, uone inavyowafaa wakoloni. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Msamaha huo una uzito gani kisheria, au ni adabu tu? Hapo pana shahada ya uzamivu, achilia mbali karatasi ya mwaka wa nne. Katika miaka yote niliyopokea wageni hawa, hakuna aliyekuja na ibara ya 246 mkononi. Wengi nilipowatajia walidhani natania.

Anayependa Ulaya ya leo, aende Mbozi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, ile ya ukataji misitu, inazuia kuingiza sokoni kwao kahawa iliyotoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kuanza kwake kutumika kumesogezwa mbele zaidi ya mara moja, na bado wanunuzi wameshaanza kuuliza maswali. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja ya ramani. Likizidi hapo, mipaka yake yote ichorwe. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa nenda Amcos, chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa msimu. Mzee analeta debe mbili za matunda mekundu, mama analeta ndoo, kijana analeta kiroba kwenye bodaboda, vyote vinaishia kwenye tangi moja la kuchachulia. Ikishafika hapo, kahawa ya nani ni ipi? Kanuni haitaki iliyojulikana ilikotoka ichanganywe na isiyojulikana, na haina habari na tangi la Mbozi.

Halafu ukiisoma vizuri utagundua mkulima hana wajibu hata mmoja ndani yake. Mwenye wajibu ni yule anayeingiza mzigo Ulaya. Lakini wajibu huo unateremka ngazi kwa ngazi, kwa mikataba, mpaka unamkalia mtu ambaye hakuna mahakama inayoweza kumwambia kuwa amekosa. Hilo ndilo swali la kisheria lenyewe, na jibu lake lipo kwenye karatasi wanazosainishwa watu, wala huwezi kulipata mtandaoni. Na ile nukta ya shamba, ikiunganishwa na jina la mzee, si taarifa binafsi chini ya sheria yetu ya 2022? Nani alimwomba ridhaa?

Nikumbushe pia kwamba chai ya Mufindi haimo kwenye kanuni ile, wala parachichi la Njombe. Nimeona andiko la mwanafunzi lililoweka mazao yote ya Kusini kwenye kapu moja, na lilipitishwa. Anayetaka parachichi afungue kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 396 ya 2005, ya mabaki ya viuatilifu, ambako dawa isiyopangiwa kiwango hupewa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo. Hapo azungumze na wauza dawa za kilimo, atarudi na mengi.

Chunya na Songwe nazitaja kwa kupita. Mradi wa dhahabu wenye majina ya Saza na Makongolosi ulitufikisha kwenye usuluhishi wa kimataifa chini ya mkataba wetu wa uwekezaji na Canada, baada ya leseni kufutwa, na mwaka 2023 nchi ikakubali kulipa dola milioni 30 kuumaliza. Na Kyela wana Ziwa Nyasa, ambalo mpaka wake na Malawi unabishaniwa kwa sababu ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mvuvi wa Matema hajawahi kuusikia, ila nyavu zake zimo ndani yake.

Najua kwa nini vijana hawaendi. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, linachelewa, nauli ya Mbozi ni hela, barua ya utambulisho inazunguka ofisi tatu. Msimamizi ana wanafunzi wengi kupita kiasi na kichwa cha Brussels, yaani cha sheria za Ulaya, anakijua tayari, hakimsumbui. Na ipo hoja ya haki kabisa kwamba utafiti wa sheria si lazima uwe wa kwenda shambani. Unaweza kukaa na maandishi tu ukafanya kazi nzuri. Nakubali. Ibara ya 246 ni maandishi. Haihitaji nauli hata ya Kalenga, ingawa ukienda utaona kwa nini uiandike.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Sheria za Ulaya huchapwa kwa lugha rasmi 24, Kimalta kikiwemo, lugha ya watu wasiofika hata milioni moja. Sisi tuliamua mwaka 2021 kwamba lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, na bado mwanafunzi anayechunguza kahawa ya Mbozi anaiandika kwa lugha ambayo mwenyekiti wa Amcos atahitaji mwanawe amsomee.

Mwaka huu kuna binti mmoja alisikia. Alikuja na soko la pamoja, akaondoka na Kalenga. Baada ya wiki mbili alipanda tena ngazi zangu akiwa amenuna: andiko lake limerudishwa, pembeni limeandikwa kwamba mada ni ya kienyeji mno, haifai somo la sheria ya kimataifa. Akaniuliza afanye nini. Nilimwambia asibadilishe neno, ila ibara ya 246 aihamishie ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kabla hata ya jina la Iringa. Amelirudisha Ijumaa.