Bruce Sloss na Swali la Kucheza Wakati wa Vita

Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba 1916, Luteni Bruce Sloss aliiongoza timu ya Divisheni ya 3 ya jeshi la Australia kushinda mechi ya kandanda ya Kiaustralia (mchezo wa Australia unaotumia mpira wenye umbo la yai) katika uwanja wa Queen's Club, London, iliyoandaliwa kuchangia Msalaba Mwekundu. Siku hiyohiyo, huko kwao, wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu kuandikisha vijana jeshini kwa lazima, na wengi wakakataa. Sloss, nyota wa klabu ya South Melbourne aliyekuwamo katika kikosi kilichofungwa na Carlton kwa pointi 6 tu katika fainali ya ligi ya 1914, alijikuta katikati ya mabishano ambayo hakuyaanzisha: je, mpira uendelee kuchezwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia?

Waliotaka ligi ya jimbo la Victoria isimame walikuwa na hoja nzito: ni vigumu kumshawishi mzazi amruhusu mwanawe aende kupigana Gallipoli, nchini Uturuki, au Ufaransa huku vijana wenye afya kamili wakishangiliwa uwanjani kila Jumamosi. Klabu ya University, ya wanafunzi na wasomi, ilijiondoa baada ya msimu wa 1914, na kufikia 1916 ligi ilibaki na timu nne: Carlton, Collingwood, Fitzroy na Richmond. South Melbourne nayo haikucheza mwaka huo.

Hata hivyo, timu hizo nne zilitoka katika vitongoji vya wafanyakazi, ambako mpira ulikuwa burudani ya bei nafuu na, tangu malipo ya wachezaji yaliporuhusiwa mwaka 1911, pia sehemu ya riziki ya baadhi ya nyumba. Mbio za farasi ziliendelea, wala matajiri waliozihudhuria hawakuandamwa kwa ukali uleule. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hoja ya wakosoaji inapopungua nguvu, kwa kuwa kilio chao cha uzalendo kilichanganyika na dharau ya kitabaka ambayo wachache kati yao wangekubali kuikiri.

Sloss aliuawa na kombora la mzinga karibu na Armentières, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1917, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 28. Ni rahisi kumtaja kama ushahidi kwamba mchezaji wa kweli huacha uwanja na kwenda vitani, lakini hitimisho hilo linasahau mechi ya London: jeshi lenyewe liliona faida ya mpira kwa askari na kwa harambee, na mwaka huohuo wa 1917 kampeni ya kutafuta wanamichezo elfu moja wa kujitolea ilitumia kama chambo cha kuajiri uwanja uleule uliolaumiwa. Mwezi Desemba wapiga kura wakakataa tena uandikishaji wa lazima. South Melbourne, iliyorejea ligini msimu wa 1917, ilitwaa ubingwa wa 1918 kabla vita havijaisha.