Nilivyokwepa Ada ya 50 kwa Kulipa 50

Fundi wa paa hakutaka kusikia habari ya kadi. Alitaka 1,000 yake, mkononi au benki, na mshahara ulikuwa bado wiki mbili. (Sarafu weka unayoijua wewe, hesabu haibadiliki.) Kadi ya mkopo nilikuwa nayo, na nafasi tele ndani yake, ila kuipeleka kwenye ATM ni kujichinja. Benki yangu hukata asilimia 5 ya fedha taslimu unayochukua, au 10, ile iliyo kubwa. Juu ya hapo kuna riba ya asilimia 28 kwa mwaka, nayo huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila zile siku za neema unazopewa ukinunua kitu. Kwa 1,000, ada peke yake ni 50. Nikaapa hamsini yangu hailiwi na mtu.

Mpango ulikuwa huu: kadi ijaze pochi ya mtandaoni, pochi itume kwenye akaunti yangu ya benki, akaunti imlipe fundi. Walionipa kadi wataona malipo ya mtandaoni tu, kama vile nimenunua viatu.

Sasa, mimi ni mtu makini. Sikukurupuka na 1,000 nzima. Ijumaa usiku nilifungua akaunti kwenye huduma sita tofauti, na kila moja nikaipa jaribio la 10. Zote zikakubali. Jumamosi asubuhi nikachungulia kadi: miamala sita inasubiri, ada hakuna hata moja. Jumapili hivyohivyo. Nikaanza kutembea nyumbani kama waziri wa fedha.

Kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba muamala unaosubiri hauonyeshi ada. Benki imeshika nafasi tu. Ada huandikwa muamala ukishakamilika, mara nyingi siku 1 hadi 3 baadaye, na mimi nilikuwa nimeweka wikendi nzima katikati.

Jumatatu nikaingiza 1,000 kwenye pochi niliyoipenda zaidi. Imekataliwa. Nikarudia. Imekataliwa. Nikarudia tena kwa kubonyeza kwa nguvu, na hapo kadi ikafungwa kwa kushukiwa wizi. Nikapiga simu.

“Kaka, umevuka kiwango chako cha fedha taslimu,” akasema dada wa huduma kwa wateja.

“Dada yangu, mimi ATM sijaigusa mwaka mzima.”

“Naona umechukua fedha taslimu mara tano, Ijumaa usiku.”

“Ijumaa usiku nilikuwa kitandani na simu!”

“Ndiyo, kaka. Mara tano. Na ada tano.”

Akaanza kunisomea: kumi, kumi, kumi, kumi, kumi. Asilimia 5 ya 10 ni nusu, lakini kima cha chini ni 10. Kwa hiyo kila jaribio langu la kumi lilikuwa limekula kumi. Ujanja wote wa kuikimbia 50 umenigharimu 50, na fundi hajapata hata msumari.

Yule dada alikuwa na subira, akanieleza. Kila anayepokea kadi ana namba ya tarakimu nne inayotaja aina ya biashara yake, na mtoa kadi huitazama hiyo, si jina zuri la huduma. ATM ni 6011. Kutuma pesa ni 4829. Vitu vinavyogeuka pesa kirahisi, kama fedha za kigeni na sarafu za kidijitali, ni 6051. Ukiangukia humo, benki nyingi huhesabu umechukua taslimu hata kama hukushika noti. Pochi ileile ukiitumia kununua viatu kweli, namba inayopita ni ya muuza viatu, na hapo ni manunuzi. Tena huduma moja inaweza kuwa manunuzi kwa kadi ya Visa na taslimu kwa Mastercard, au kinyume chake.

“Ungetuomba kwanza tuweke kiwango cha taslimu kiwe sifuri,” akamalizia. “Majaribio yangekataliwa tu, bila ada.”

Sentensi hiyo ndiyo niliyoinunua kwa 50. Si kila benki inakubali sifuri kamili, ila kushusha kiwango nyingi hukubali. Nikamwomba ashushe palepale, na anitumie orodha ya namba wanazozihesabu kuwa taslimu.

Nikamuuliza pia: nikizirudisha zile kumi, ada zinarudi? Hazirudi. Tena ada yenyewe imeshaingia kwenye deni la taslimu, kwa hiyo riba ilikuwa inahesabiwa kwenye 100, kama senti 7 na kitu kwa siku. Ada nayo inazaa.

Mwanafunzi wa sita ndiye pekee aliyefaulu: huduma ya kulipia ankara, inayokata kadi na kumpelekea mdai pesa benki. Kwa kadi yangu ilipita kama manunuzi, kwa ada yake ya asilimia 2.9. Inataka ankara halisi ya mtu halisi. Kujitumia mwenyewe kupitia akaunti ya pili ni kuvunja masharti, na pesa inaweza kuzuiwa kwa miezi. Fundi akaandika ankara nyuma ya risiti ya mabati, nikaipiga picha, siku tatu baadaye akapata 1,000 yake. Mimi nikalipa 29. Jumlisha na 50 za majaribio.

Zile pochi tano bado zilikuwa na 10 kila moja. Kuzitoa kwenda benki ni bure, ila kila moja inataka kitambulisho na video ya uso. Nne nimeshazikomboa. Ya tano inaniambia nigeuze kichwa kushoto, kulia, kisha nitabasamu, na mpaka leo inadai tabasamu halionekani.