Tetemeko la 1910: makaratasi ya zamani tuyaamini kiasi gani?

Watu wa Kigoma ukitaja tetemeko akili inaenda kwa lile la Desemba 5, 2005, mchana kweupe, ukubwa 6.8, kitovu upande wa Congo, na Kalemie nyumba zikaanguka. La Desemba 13, 1910 wachache sana wanalijua, wakati hilo ndo linatajwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki karne ya 20, lilipiga kule Rukwa, kusini kwetu, 7.4.

Sasa tumelijuaje? Mitambo ya mbali, Ulaya huko, iliyanasa mawimbi yake, ila mtambo wa mbali unakupa ukubwa na mahali kwa kukadiria tu, haukwambii ukuta wa nani ulipasuka. Hapo ndo inabidi urudi kwenye makaratasi ya enzi za Mjerumani, ripoti za maboma na maandishi ya wamisionari, na mtaalamu Nicholas Ambraseys alilifanyia utafiti akauchapisha 1991.

Wasioyaamini hawasemi ovyo. Aliyeandika alikuwa amekaa wapi? Bomani au misheni, kama Karema, penye majengo mazito ya matofali, kwahiyo kanisa likipata ufa linaandikwa, lakini kijiji cha jirani chenye nyumba za miti na nyasi zilizoyumba zikatulia, nani aliandika? Ramani ya madhara inageuka ramani ya walikoishi wazungu. Halafu aliyejenga kwenye mchanga wa ufukweni anatikiswa kuliko wa kwenye mwamba, wote wakiandika "kali sana" utawalinganishaje?

Lakini bila makaratasi tunabaki na nini? Matetemeko makubwa sehemu moja yanaweza kupishana mamia ya miaka, mitambo ina miaka mia na kitu tu. Ureno baada ya tetemeko kubomoa mji wa Lisbon 1755, serikali ya waziri Pombal ilituma maswali kila parokia, lilidumu muda gani, wamekufa wangapi, bahari ilifanyaje, na mpaka leo wataalamu wanayatumia yale majibu.

Mimi niko upande wa makaratasi, ila pale yanaponyamaza tusisome kwamba palikuwa salama. Na kinachoniuma zaidi ni mtu kusema mbona 1910 vijijini hayakuandikwa maafa, basi huku hakuna shida. Jamani, zile zilikuwa nyumba za nyasi! Leo zunguka hapa Kigoma, Mwanga, Gungu, Ujiji, ni tofali za kuchoma, nyingine zimeunganishwa kwa udongo, lenta hakuna, nondo hakuna. Bukoba Septemba 10, 2016 lilikuwa 5.9 tu na nyumba zilishuka watu wakafa, na 7.4 inatoa nguvu zaidi ya mara 100 ya hiyo.

Ndo maana nasema wajukuu wa waliokuwepo 1910, kuanzia Karema mpaka Ujiji, waulizwe sasa hivi kabla hawajaondoka, na majibu yawekwe pembeni ya yale ya padri: nyumba ya babu ilikuwa ya nini, ilianguka au iliyumba, na ziwa siku ile lilifanyaje.