Ibn Battuta, Kilwa ya miti na kata ya Mombasa

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco wa karne ya 14, aliacha kitabu cha safari zake, na wanaotilia shaka kwamba alifika kweli kote anakokusimulia hawakosi hoja. Siku anazozihesabu kwa safari ya Bulghar, karibu na mto Volga, hazitoshi kwa masafa yenyewe. Maelezo yake ya Makka na Damasko yamechotwa kwa wingi katika kitabu cha Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia. Na huko Fez, mjini Morocco, kama anavyosimulia mwanahistoria Ibn Khaldun, watu walinong'onezana kwamba ni mwongo. Kwa msomaji wa pwani yetu, hoja nzito zaidi ni Kilwa. Alifika huko mwaka 1331, akausifu mji, kisha akasema majengo yake yote ni ya miti, ilhali Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe ulikuwa umesimama tangu zamani. Aliukosaje?

Yawezekana kujibu kwamba nyumba nyingi za raia zilikuwa za miti na udongo, na kwamba alimsimulia mwandishi wake, Ibn Juzayy, zaidi ya miaka 20 baadaye. Lakini “yote” ni neno zito, na hapo simtetei.

Kinachopuuzwa ni Mombasa, alikolala usiku mmoja tu. Anataja watu wanaokula ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka Sawahil, na tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa kama yake ila tamu mno, ambalo analiita jammun nasi twaliita zambarau. Kisha anageukia msikiti. Penye kila mlango, anasema, kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha dhiraa moja, na mwenye kuingia huosha miguu kwanza, kwa kuwa watu hutembea pekupeku. Aliyekulia jirani na misikiti ya kale atakitambua chombo hicho mara moja: ni kata, ingawa tuliyoizoea ni ya kifuu.

Mpinzani atasema haya yote angeweza kuyasikia kwa mabaharia wa Aden. Habari za sultani wa Kilwa, sawa: al-Hasan bin Sulaiman, ambaye sarafu yenye jina lake imeokotwa hata Great Zimbabwe, alikuwa mashuhuri, na lakabu yake ya Abu al-Mawahib, aliyopewa kwa ukarimu wake, ingeweza kuvuka bahari. Lakini ni baharia gani angekaa kumweleza mgeni urefu wa mpini wa kata?

Tena, pale anaposimulia ya kuambiwa, hafichi. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo, anasema, hutoka Yufi, mwendo wa mwezi mmoja kutoka Sofala, na Yufi hiyohiyo baadaye anaiweka Afrika Magharibi, kando ya mto anaoudhani kuwa Nile. Ni kosa kubwa la jiografia, ila habari hiyo ameianza kwa kukiri kwamba aliyempa ni mfanyabiashara mmoja.