Shemeji Alivyopunguza Mzigo

Kama hujawahi kucheza Gran Turismo 4, lile gemu la mbio za magari, naomba ukubali jambo moja kabla sijaanza: Nissan Skyline GT-R V-spec ya 1993 siyo Skyline GT-R V-spec II ya 1994. Najua zinafanana. Hata shemeji yangu alisema zinafanana, na balaa lote lilianzia hapo.

Ilikuwa 2006. Nimemaliza kidato cha sita, nipo kwa dada Tabata nasubiri matokeo, kula kulala. Kazi yangu rasmi ilikuwa kumpeleka Nasra chekechea na kumrudisha. Kazi isiyo rasmi ilikuwa PlayStation 2 aliyoniachia binamu yangu alipokwenda chuo, TV ya chogo ya inchi 14, na diski yenye magari zaidi ya 700 ndani yake. Mia saba! Mtaani kwetu magari hayakufika kumi, tena hapo umehesabu na la mwenye baa, lililokuwa limepandishwa juu ya matofali tangu enzi za Mwinyi.

Hizo mia saba zina siri yake. Kazunori Yamauchi, bwana aliyelibuni gemu hili, ni mgonjwa wa magari, na mgonjwa wa magari akipewa orodha haachi kitu. Mazda MX-5 Miata ya 1989 imo. Eunos Roadster ya 1989 nayo imo, na ni gari lile lile, ila Japani liliuzwa kwa jina hilo. Honda NSX imo, na ile waliyoibandika nembo ya Acura kwa ajili ya Wamarekani imo pia, inajihesabu yenyewe kama mtu aliyejiandikisha kupiga kura vituo viwili. Lancer Evolution zinakuja GSR na RS. RS ni ile iliyovuliwa vikorombwezo kiwandani ili iwe nyepesi, hata vioo unapandisha kwa mkono. Sasa niambie, kwenye gemu ambalo ukiendesha huoni hata usukani, hicho kioo unakipandisha wapi?

Na wala hawakukoma. Gran Turismo 5 ilipotoka Novemba 2010 walitangaza magari zaidi ya 1,000, na kama 800 hivi yalikuwa yamebebwa kutoka matoleo ya nyuma bila hata kuoshwa. Tukalalamika. 2017 wakaja na Gran Turismo Sport, ikaanza na magari kama 160, yametengenezwa upya kila moja. Sisi sisi tuliokuwa tunalalamika tukaanza kuuliza Skyline zetu ziko wapi. Mchezaji wa gemu hana shukrani.

Turudi Tabata. Mimi nilikuwa nakusanya Skyline. Wengine walikusanya Ferrari, lakini Gran Turismo 4 haina Ferrari hata moja, kwa hiyo hao walikuwa na shida zao. Nilikuwa na R32, R33 na R34, vizazi vitatu vya GT-R, kila tawi la ukoo. R32 V-spec ya 1993 ndiyo iliyopewa breki za Brembo na rimu za inchi 17. Ya 1994 ikaongezewa tairi pana kidogo. R34 V-spec II ya 2000 ikavikwa boneti ya kaboni. M-spec ya 2001 ikarudishiwa boneti ya alumini, ikawekewa na viti vya ngozi. Viti hivyo hutaviona maisha yako yote ndani ya gemu hilo, lakini mimi nilijua vipo, na nilikuwa nalala vizuri kwa kujua hivyo.

Kuzipata haikuwa mchezo. Nyingi nilizitafuta kwenye soko la magari yaliyotumika, ambako mzigo hubadilika kila wiki ya gemu, na siku za gemu zinasogea kwa kukimbia mbio. Ukiikosa R32 unayoitaka, unarudi kukimbia na vigari vya wanaoanza mpaka mzigo mpya ushuke. Wakati mwingine unaikuta, lakini rangi siyo. Unarudi tena.

Shemeji alikuwa dalali wa magari. Corolla, Carina, Mark II, zinashuka bandarini na yeye anazitafutia wenyewe. Masika yale wateja walipotea, akawa anashinda nyumbani na msuli wake, na TV ni moja. Siku ya kwanza alikaa nyuma yangu akinung'unika taarifa ya habari. Siku ya pili akauliza, "Shem, hilo soko la mitumba hapo, mzigo unashuka lini?" Nikajua nimempata mwenzangu.

Nikamfundisha. Pedi inashikwaje, unaingiaje gereji, unanunua wapi, unauza wapi. Nikamfundisha na historia: kwamba kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano yao tangu 1989 mpaka 2004, hakuna kutangaza gari lenye nguvu ya zaidi ya farasi 280, ndiyo maana Skyline GT-R zote, kuanzia R32 ya kwanza mpaka R34 ya mwisho, kwenye karatasi ni 280. Alitikisa kichwa kwa heshima. Nikamsisitizia na la mwisho, kwa sababu umeme wa Tabata ulikuwa hauna adabu: "Shem, ukifanya chochote, sevu. Usisubiri."

Mwanafunzi msikivu kuliko yule sijapata kumwona.

Siku ya tukio nilimpeleka Nasra, kisha nikapitia mashine ya kusaga mahindi kama dada alivyoniagiza. Foleni ilikuwa ndefu. Narudi na debe langu kichwani, unga mpaka kwenye kope, namkuta Shemeji ameegemea kochi, feni inampepea, anatabasamu kama mtu aliyetoka kuuza Land Cruiser kwa mchina.

"Shem, kaa. Nimekusaidia."

Sikukaa.

"Stoo yako ilikuwa imejaa gari moja. Moja! Naangalia Skyline, nabonyeza, Skyline. Nabonyeza, Skyline. Nikasema huyu kijana atafilisika, mtaji umelala. Nimekupunguzia mzigo."

Nilitua debe. Nikaomba pedi kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Nikaingia gereji. Ilikuwa nyeupe pee, kama nyumba ya mtu aliyehamishwa kikazi. Supra ipo. Kagari nilikoanzia nako kapo. Na kule zilikokuwa Skyline zangu, imebaki moja, R33 ya kawaida kabisa ya 1995.

"Hiyo nimekuachia makusudi," Shemeji akasema. "Nyeupe haikosi mteja."

"Na ya boneti ya kaboni?"

"Ipi hiyo?"

"Ya bluu!"

"Ah, bluu. Bluu inasumbua kuuza, nilianza nayo."

Nikauliza bei, na hapo ndipo nilipoketi. Anayejua gemu hili anajua ukiuza gari wanakupa sehemu ndogo tu ya ulichotoa. Dalali mzima, mtu anayegombana na mteja nusu saa kwa ajili ya tairi la akiba, amekubali kila bei aliyotajiwa.

"Sasa ningebishana na nani?" akaniuliza, na kweli alionekana ameumia. "Hakuna mtu mle ndani. Wanaandika bei, wanakaa kimya. Wale ni matajiri, shem, hawabembelezi."

Nikawahi kuzima nianze upya kutoka pale nilipoacha jana. Shemeji akaniwahi kwa fahari: "Usiwe na wasiwasi, kila nikiuza moja nilikuwa nasevu."

Kila moja. Yaani alikuwa amenizika, akashindilia udongo, akamwagia na maji.

Nikafoka. Nikamwambia ameuza breki za Brembo, ameuza viti vya ngozi, ameuza Skyline ambazo hata Japani kwenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole wa mtu aliyezoea wateja wakali: "Lakini shem, si wewe mwenyewe uliniambia zote ni farasi 280?"

"Kwenye karatasi! Injini yenyewe inatoa zaidi!"

"Kwa hiyo Wajapani waliandika uongo."

"Ndiyo!"

"Waliodanganya huwafokei, unanifokea mimi niliyesoma karatasi."

"Na wewe pale yadi una Corolla nyeupe tupu zimepangwa mstari, mbona huuzi zote ukaacha moja?"

"Ningepata wateja, ningeacha hata hiyo moja?"

Jioni dada aliporudi kazini, kesi ikafika kwake. Nikaieleza yote, kwa mpangilio, huku nikisimama pale ulipofika uchungu. Dada akavua viatu, akaketi, akatazama TV.

"Hizo zilizouzwa zilikuwaje?"

"Zilikuwa Skyline."

"Kama hii iliyobaki?"

"Kama hii. Yaani, siyo kama hii. Ile moja boneti yake ilikuwa ya kaboni."

"Nionyeshe hapa kwenye hii, boneti ni ipi."

Nikamwonyesha. Kwenye ile TV, boneti yote ilikuwa na ukubwa wa punje ya harage.

"Na ya kaboni ingeonekanaje?"

"Hapa isingeonekana vizuri. Lakini ipo."

Dada akamtazama mumewe. Akanitazama mimi. "Baba Nasra, hujafanya vizuri kuuza vitu vya mtoto. Na wewe, unga umeuacha mlangoni, kuku wanakula. Nendeni mkauokote wote wawili."

Tukiwa tumeinama mlangoni Shemeji akaniahidi fidia. Nikadhani atanipa hela. Kumbe alimaanisha atakimbia mbio mwenyewe, ashinde, anirudishie Skyline moja moja. Na zile pesa za mauzo? Alizibadilisha kidogo, akanunua Vitz.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Katika gemu la magari zaidi ya 700, lenye njia ya mbio ya Nürburgring nzima, ya zaidi ya kilomita 20, mtu ameuza GT-R akanunua Toyota Vitz F ya 1999.

"Haili mafuta," akasema.

"Shem, humu hununui mafuta!"

"Hata kama. Mazoea mazuri."

Akaanza kukimbia nayo kwenye Sunday Cup, mbio za wanaoanza. Kila kona aligonga ukuta, kila akigonga anainua mguu kutafuta breki sakafuni. Vitz ilikuwa inalia kama mashine ya kunyolea. Lakini masika yalikuwa marefu, na mtu asiye na wateja ana muda. Akashinda mbio moja, akapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama Taifa Stars inacheza. Pesa iliyopatikana haikununua Skyline. Alinunua Vitz RS ya 2000. Kisha siku moja nikamkuta ameleta na RS Turbo.

Nilisubiri mpaka amalize kuipaka macho pande zote. Nikasema taratibu, "Shem, stoo imejaa gari moja. Nikupunguzie mzigo?"

Alinigeukia kama nimemtukana mama yake. "Gari moja? Hii ni F, hii ni RS! Hii ina tabo! Huoni bampa? Huoni hata rimu?"

"TV ndogo."

"Sogea karibu!"

Tangu siku hiyo hakuniamini tena. Akienda kazini alikuwa anachomoa memori kadi, anaitia mfuko wa shati pamoja na kadi za magari, na mimi nyumbani nabaki na PlayStation isiyokumbuka chochote. Masika yalipoisha wateja wakarudi, na siku moja pale yadi, anatoa kadi ya Carina amwonyeshe mteja, ile nyingine ikadondoka chini. Mteja akaiokota, akaigeuza geuza, akauliza ni ya nini.

"Hiyo ni ya Vitz zangu," Shemeji akajibu. "Ziko tatu, lakini siuzi."

Mteja akaiacha Carina. Akauliza kama kati ya hizo tatu kuna nyeupe.