Dawa za mimea na baridi yabisi: panya kapona, haya binadamu je?

Kila baada ya muda inazunguka habari kwamba mmea fulani umetibu baridi yabisi, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, ukiisoma mpaka chini unakuta aliyepona ni panya. Tena panya mwenyewe hakuugua kama binadamu anavyougua, alidungwa kolajeni (protini ya viungo) au sindano ya kuchokoza kinga mpaka mguu ukavimba, akanyweshwa dondoo la mmea wiki kadhaa, mguu ukapimwa unene, umepungua, basi, habari imepatikana.

Wapo wanaosema hayo yote ni porojo na mitishamba haina lolote. Hao mi siwaungi mkono, historia yenyewe inawakatalia. Asili ya aspirini tunaijua, gome la mti wa willow. Na kotisoni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, je? Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walipoonyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba inawainua wagonjwa wa baridi yabisi vitandani (akapewa Nobel 1950), ilikuwa inatengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, hatua zaidi ya thelathini, na bei haishikiki. Iliyokuja kuishusha ni malighafi ya viazi vikuu vya porini vya Mexico. Sasa hapo utasema mimea haina kitu?

Halafu kuna lei gong teng ya Wachina, Tripterygium wilfordii, huu ndio mmea wa kuongelea kwa uzito. Mwaka 2014 yalitoka majaribio ya huko China ya wagonjwa 207, wengine walipewa methotreksati (dawa ya kawaida ya hospitali kwa ugonjwa huu), wengine mmea, wengine vyote viwili kwa pamoja. Baada ya wiki 24, waliopata nafuu ya angalau nusu kwa vipimo vya madaktari walikuwa asilimia 46 kwa methotreksati, 55 kwa mmea, na 77 hivi kwa waliochanganya. Si mchezo. Lakini ukichungulia ndani, dozi ya methotreksati ilikuwa miligramu 12.5 kwa wiki, wakati wagonjwa wengi huwa wanapandishwa hadi 20 au 25, na kila mtu alijua anameza nini. Yaani mpinzani aliingia ulingoni mkono mmoja umefungwa.

Na mmea huohuo unaweza kuharibu mbegu za kiume na kukatisha hedhi, na usipoandaliwa vizuri ni sumu kabisa. Kwa hiyo ile kauli ya "ni ya asili haina madhara" inafia hapahapa, mmea wenye ushahidi mzuri kuliko yote ndio huo wenye madhara mazito, na kiukweli sioni ajabu, kitu chenye nguvu ya kutuliza kinga ya mwili lazima kitagusa na kwingine.

Manjano nayo kila mtu anaisifia. Jaribio linalotajwa sana ni la 2012, watu 45 tu wamegawanywa makundi matatu, na kurkumini, kiini cha manjano, ililinganishwa na diklofenaki. Shida ya kwanza diklofenaki ni ya maumivu, haizuii ugonjwa. Shida ya pili kurkumini ukiimeza inaingia kidogo sana kwenye damu, na wanakemia wanalalamika kwamba inavuruga vipimo vya maabara vya kutafuta dawa, inaonekana inafanya kazi kwa karibu kila kitu.

Hapo kwenye maumivu ndio ishu yenyewe ilipo, kwa sababu baridi yabisi ni kinga ya mwili inakula viungo, na mfupa unaweza kuliwa mapema tu, miaka miwili ya kwanza, hata kama mtu anajisikia afadhali. Tena ugonjwa wenyewe unapanda na kushuka, ukinywa chochote siku umepanda sana, utashuka na sifa itaenda kwa chupa. Na chupa nyingine zina mambo yake, mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo, ndani mna diklofenaki na deksamethasoni (ndugu yake kotisoni) ambazo hazikuandikwa popote.

Watetezi wa mitishamba wana hoja moja ambayo mi naiona ya haki kabisa, nayo ni pesa. Majaribio makubwa ni ghali, na manjano hakuna atakayeimiliki peke yake, sasa kampuni gani itagharamia? Ndio maana tunabaki na panya wengi na watu wachache. Kwangu hizo hela za serikali na vyuo ziache kumfuata panya wa mia, zichukue mimea miwili mitatu iliyoonyesha dalili, wagonjwa waendelee na methotreksati yao dozi kamili, nusu waongezewe mmea na nusu kidonge bandia kisicho na dawa, mwaka mmoja au miwili, ini na figo zipimwe njiani, na eksirei za vidole zisomwe na mtu asiyejua nani kameza nini.