Shangazi na Samaki Mwenye Matubwitubwi

Ukiweka tangi la samaki sebuleni hapa Dar es Salaam, kila anayeingia atakuuliza swali moja: "Wanaliwa?" Mwenye nyumba aliuliza. Fundi wa king'amuzi naye aliuliza, kabla hata hajaweka begi chini. Jibu langu nilishalikariri: hawa ni samaki wa ukoo wa sikilidi, wa Ziwa Tanganyika, aina ya Tropheus duboisi, Wazungu wanawaagiza kwa ndege. Mtu anasikiliza kwa heshima, anatikisa kichwa, kisha anauliza tena, "Sawa, lakini wanaliwa?"

Tangi lenyewe lilikuwa la haja. Urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, vioo vya milimita 10 vimegandishwa kwa silikoni. Piga hesabu: lita 300, yaani kilo 300 za maji kabla hujaweka jiwe hata moja. Seremala nilipomtajia uzito huo alinitazama, akasema, "Bosi, hapo hutaki meza, unataka daraja." Na daraja kweli akanitengenezea.

Maji hayakunisumbua. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inakaribia 9, na kisima cha mtaani kwetu kinatoa maji yanayokataa povu la sabuni. Yale yale ambayo mke wangu huyalaani kila siku ya kufua, samaki ndiyo wanayoyataka. Kazi ilikuwa kungoja. Tangi jipya halitiwi samaki siku hiyo hiyo. Lazima kwanza wazaliane bakteria wa kugeuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, iwe nitriti, kisha nitrati, na bakteria hawana haraka na mtu. Majirani wakawa wanakuja kuona samaki, wanakuta maji, mawe na taa. Mzee mmoja alikaa kwenye kochi akayatazama yale maji muda mrefu, halafu akaniuliza taratibu kama kazini kwangu mambo yanakwenda vizuri.

Halafu kuna suala la msosi. Duboisi hukwangua mwani kwenye majabali. Ukimzoeza nyama, tumbo linavimba na anakufa. Nikatumbukiza mawe kwenye beseni la maji, nikaliweka uani juani. Yakaota ukijani mzuri, ule wa kuteleza. Jioni moja narudi kazini, nayakuta yamepangwa ukutani yanang'aa. Dada wa kazi alikuwa ameyasugua kwa stilwaya. "Kaka, mawe yako yalikuwa yameoza," akaniambia, akasimama pale kungoja asante.

Samaki wakafika kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa oksijeni, kundi zima. Ni lazima wawe kundi: wakiwa wachache watapigana mpaka abaki mmoja, wakiwa wengi mbabe hajui aanze na nani.

Ndipo shangazi akaja kutoka Ujiji kutibiwa macho, na dumu la mawese, mfuko wa dagaa na migebuka mikavu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba." Alikwisha kuliona tangi. "Hawa si samaki wa majabalini, wale watoto wanawachezea wakienda kuoga? Umenunua?"

Nikamtajia bei, nikiwa nimeikata nusu. Akaomba kiti.

"Ungeleta kuhe. Kuhe analisha nyumba."

Nikamweleza kwamba kuhe naye ni ukoo huo huo, tena anatajwa kuwa sikilidi mkubwa kuliko wote duniani, anafika hata sentimita 80.

"Kumbe unajua," akasema, "halafu ukaleta hivi."

Aliposikia wanakula mchicha wa kuchemsha, alicheka mpaka akatoa machozi kwenye yale macho aliyoletewa Dar. Tulilazimika kuufungia mfuko wa dagaa kabatini, maana alishaanza kuwaonea huruma.

Jike mmoja akaanza kuvimba chini ya kidevu. Mimi moyoni nafurahi, shangazi akatoa hukumu: "Yule ana matubwitubwi. Apakwe masizi." Nikamwambia ana mimba, ila samaki hawa hubeba mayai na watoto mdomoni, karibu mwezi mzima. Shangazi alinitazama, kisha akamgeukia mke wangu: "Huyu siku hizi analala vizuri?"

Usiku wa pili yake umeme ukakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Duboisi hawavumilii maji yaliyopungua oksijeni. Bila jenereta dawa ni moja: chota maji kwa jagi, yamimine kutoka juu yachanganyike na hewa, chota tena. Tukapeana zamu. Shangazi akakataa kuachwa. "Hawa ni watu wa kwetu," akasema, akashika jagi.

Nilikuwa nimeanza kusinzia niliposikia, "Mwizi! Mwizi jamani! Mwizi!"

Hapa Dar hupigi kelele hiyo usiku ukabaki peke yako. Kabla sijaipata tochi ya simu, sebule ilikuwa imejaa wanaume wenye marungu, mmoja na panga, mwingine na kifuniko cha sufuria.

"Yuko wapi?"

Shangazi akanyoosha mkono. "Yumo kwenye jagi."

Nikamulika. Jike alikuwa amechotwa gizani, akashtuka, akatema watoto wote. Walikuwa saba, weusi, wamejaa madoa meupe kama manyoya ya kanga.

"Mtazameni," shangazi akawaambia. "Mwenyewe kichwa cha buluu, kiunoni kajifunga mkanda mweupe. Hawa wana madoa. Hawa ni wake? Kaiba watoto wa watu, nimemkamata anawatapika!"

Ilinibidi niwaeleze watu wenye silaha, saa nane za usiku, kwamba duboisi huzaliwa na madoa na huyapoteza akikua. Mwenye panga alisema shangazi ana hoja. Mwenye kifuniko akataka aitwe mwenyekiti wa mtaa. Mke wangu, ambaye mkono ulikuwa umekufa ganzi, akawaambia maadamu wameshaamka, wapokee jagi. Marungu yakaegemezwa mlangoni, wakamimina maji kwa zamu mpaka umeme uliporudi.

Wale saba shangazi aliwahamishia kwenye beseni la mawe, na mama yao hakuruhusiwa kuwasogelea siku zote alizokaa kwetu.

Miezi mingi baadaye akapiga simu kutoka Ujiji. Salamu zilipokwisha akauliza, "Na yale madoa?"

"Yanafutika, shangazi. Wameanza kuota mkanda."

Akanyamaza, nikadhani salio limeisha.

"Basi mwambie yule mama kuwa shangazi anamwomba radhi," akasema. "Lakini usimwambie mbele ya wenzake."